Mpaka wa Sauti

Kabla duka halijafagiliwa, spika zilikuwa zimeshatoka nje. Ndiyo ilikuwa amri ya Tajiri: vumbi lingoje, muziki kwanza. Dada Spika alizikokota moja moja juu ya vigurudumu vibovu, akazisimamisha pande zote mbili za mlango zikitazama barabara, akavuta waya mpaka kwenye mtambo uliokaa juu ya meza ya chuma, akapuliza vumbi kwenye vitufe. Kisha akawasha. Njiwa waliokuwa juu ya bati la jengo la pili waliruka, wakatua palepale.

Duka liliuza redio, televisheni, pasi, majiko ya umeme na kila takataka yenye waya. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka jingine lililouza vitu vilevile, nalo lilikuwa na spika zake zinazotazama huku. Kwa hiyo kazi ya Dada Spika haikuwa kupiga muziki tu, bali kulinda mpaka.

Mpaka wenyewe ulikuwa ule mstari mweupe wa katikati ya barabara. Kila asubuhi, na tena biashara ikipoa, Dada Spika alitoka akasimama juu ya mstari, madereva wakimpigia honi na kumtusi, akafumba macho akasikiliza. Wimbo wa kwao ukiwa umeshinda, alirudi akitembea kwa maringo. Wa ng'ambo ukiwa umezidi, alirudi mbio akaongeza. Tajiri alimweleza siku ya kwanza ya kazi, bila kupepesa: "Mteja akikanyaga ule mstari, asikie sisi. Siku nitakayosikia wale mlangoni kwangu, utafute kwingine." Ng'ambo alikuwapo kijana wa kazi hiyohiyo, watu wakimwita Jogoo, naye alikuwa na tajiri wake na amri yake ileile.

Kazi aliijua, hilo lazima lisemwe. Wengi walimwona kama mwendawazimu anayesimama katikati ya magari, lakini akina mama wa mtaa ule wangeweza kuapa kwamba hakuna mwenye sikio kama lake. Alikuwa na uwezo wa kukwambia spika ipi imeanza kupasuka kabla haijapasuka. Aliringa kwa hilo, na haki alikuwa nayo.

Ila miezi ya karibuni mpaka ulikuwa haushikiki. Kila akisimama kwenye mstari, aliukuta wimbo wake umenywea. Jogoo kaletewa mtambo mpya, alijisemea, akaongeza. Kesho yake tena, akaongeza. Alipoanza kazi alichora alama ya kalamu kwenye mtambo, mahali sauti ilipokuwa inatosha. Sasa kitufe kilikuwa kimeipita ile alama, kimekaribia kugota.

Asubuhi hii aliongeza tena. Alikuwa hajatulia tangu alipoamka. Mguu ulikuwa unacheza wenyewe chini ya meza, na macho yalikuwa ng'ambo, mlangoni, ng'ambo, mlangoni. Ghafla akashikwa bega. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke jirani wa kibaraza cha pili, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Punguza!" Fundi alimpigia kelele sikioni. "Sindano inanirukaruka kwenye kitambaa!"

"Mbona leo iko chini?"

"Chini?" Fundi alimtazama kama aliyeambiwa mchana ni usiku. "Shoga, wewe mzima kweli? Njoo hapa."

Alimburuta mpaka kibarazani. Chini ya meza ya kukatia, ndani ya beseni lililotandikwa vipande vya kitenge, mtoto wake alikuwa amelala chali, mashavu yamemjaa. Mtaa mzima ulimwita Bonge.

"Unamwona?"

"Kalala. Si vizuri?"

"Ndilo linaloninyima usingizi. Mwanzo akiruka kila ngoma ikipigwa, unakumbuka? Sasa haruki. Kila mtu ananiambia kazoea. Nimempeleka kwa chanjo, nesi akaniuliza mtoto anashinda wapi, nikamwambia. Akasema, mama, sikio halizoei, linakufa polepole, na likifa ndiyo basi. Akasema nitafute mahali kimya nimwite kwa nyuma, nione kama atageuka."

"Si umwite?"

"Mahali kimya, nimekwambia! Hapa kimya kinauzwa duka gani? Na nyumbani ninapopanga ukuta mmoja na baa?"

Mkono wa Dada Spika ulikuwa umeshaingia mfuko wa aproni, ukaanza kuviminya vizibo viwili vya sponji vilivyokaa humo siku nyingi.

"Na wewe kakutaja," Fundi aliendelea. "Kasema mtu akiwa karibu hivi, wa kumgusa kwa mkono, na bado inabidi umpigie kelele, ujue sauti imeshadhuru. Uzibe masikio. Na uwe unaondoka, hata ukazunguke jengo, masikio yapumue."

"Nikiondoka mpaka nani anaulinda?"

"Mpaka!" Fundi alisonya, akarudi kwenye cherehani lake.

Vizibo alivinunua mwenyewe duka la dawa, pale mluzi ulipomwanza masikioni. Ulikuwa mluzi mwembamba, kama birika linalochemka chumba cha pili, na hakukuwa na wa kuliepua. Siku aliyovivaa kazini, Tajiri alitoka mbio. "Mteja akikuuliza bei utamjibu kwa macho? Toa hayo madude, unanitia aibu." Akavitoa. Lakini ukweli wote ni kwamba hata yeye alivionea haya. Mlinzi wa mpaka aliyeziba masikio, ataulindaje?

Mluzi ungevumilika kama si mama yake. Mama aliishi mbali, na sauti yake kwenye simu ilikuwa ya chini tangu ujana. Siku hizi Dada Spika alikuwa akisikia vipande tu, akijaziliza kwa "eeh mama" na "vizuri mama". Wiki iliyopita mama alizungumza kirefu, naye akamalizia kwa furaha, "Afadhali, mama, nashukuru sana kusikia hivyo." Simu ikakatika. Baadaye kaka yake akampigia akiwaka moto: mama alikuwa anampa habari ya msiba wa shangazi yao. Akasingizia mtandao. Tangu siku hiyo mama hajapiga, na yeye anaogopa kupiga.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma lami Tajiri alipojitokeza mlangoni, simu mkononi, akapitisha kiganja shingoni kama mtu anayechinja. Zima! Dada Spika akazima. Ng'ambo nako Jogoo akazima, maana aliyempigia Tajiri alikuwa amempigia na yule wa huko. Mkaguzi wa kelele alikuwa njiani.

Akaja kweli, mtu wa tai fupi, faili kwapani na kipimo chake mkononi. Tajiri alimpokea kama mkwe. Akamwingiza ndani, akampitisha mbele ya kaunta, akamtia kwenye kile chumba chake cha kioo ambamo baridi ya mashine ilikuwa haizimwi, akafunga mlango. Kutoka nje Dada Spika aliwaona waziwazi: soda mbili mezani, na katikati ya soda kipimo kimesimama, kinapima kelele za ndani ya kioo.

Barabarani kikatua kimya. Watu waliokuwa wakipigiana kelele walijikuta wanapayuka peke yao, wakacheka kwa haya, wakashusha sauti. Kwake yeye haikuwa kimya. Mluzi ulipanda ukajaa kichwa kizima.

Fundi cherehani alikuwa ameshamnyanyua Bonge kutoka kwenye beseni, amemketisha juu ya meza ya kukatia. "Njoo haraka," alimpungia. "Mshike asianguke. Mchekeshe. Mimi napita nyuma."

Dada Spika alichuchumaa mbele ya mtoto akamshika mikono yote miwili. Ilikuwa laini, yenye vishimo. Akamfanyia macho, akamtolea ulimi, Bonge akacheka na mate yakamtoka. Asipogeuka huyu, Dada Spika aliwaza, mkono uliomfanyia hivi ni huu alioushika. Si wa Tajiri wala wa Jogoo. Ni yeye aliyekuwa anakizungusha kitufe kila asubuhi. Mgeuze, Mungu wangu, aliomba, mgeuze nami sitaomba kingine.

Bonge aliacha kucheka. Akapindua shingo, akatazama nyuma.

"Kaona nini?" Dada Spika akauliza.

Fundi alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika. "Kageuka! Umemwona? Kanisikia mwanangu!"

"Umemwita lini?"

"Sasa hivi."

"Hujamwita. Ita tena, kwa sauti."

Fundi alishusha kanga. Dada wa kaunta, ambaye alikuwa ametoka kuchungulia, alisimama kwenye kizingiti na daftari lake la bei. Ndiye aliyejibu, polepole: "Kamwita, dada. Mimi nimesikia nikiwa huku."

Dada Spika aliinuka, akamkabidhi mtoto, akajipangusa viganja kwenye aproni. "Haya," akasema, "nipimeni na mimi." Akawapa mgongo akautazama ukuta. Rangi ilikuwa imebambuka pale, na sisimizi walikuwa wanapanda kwenye ufa, mmoja amebeba mwenzake. Akangoja. Akabana pumzi asije akakosa. Akangoja tena mpaka shingo ikaanza kumuuma.

"Anzeni basi," alisema.

Alipoona hawaanzi, akageuka. Fundi alikuwa anamtazama, macho yamejaa maji. "Tumeshamaliza, shoga," alisema, na safari hii alipaza.

Mlango wa kioo ulifunguliwa. Mkaguzi alitoka akifuta midomo, uso umenawiri. "Mtaa wenu mnautendea haki," alimwambia Tajiri. "Wangekuwa wote hivi, kazi yangu ingekuwa kulala." Wakacheka, wakashikana mikono kwa muda mrefu. Hata kabla hajafika kona, Tajiri alinyoosha kidole kwenye mtambo, akakizungusha hewani: pandisha.

Dada Spika aliwasha, na ng'ambo Jogoo naye akawasha. Aliweka vidole kwenye kitufe, asikizungushe.

"Nisaidie," alimwambia Fundi. "Nisimamie kwenye mstari. Nikifika panapotosha, inua mkono."

Fundi alimwachia dada wa kaunta mtoto, akatoka katikati ya magari na tepu yake shingoni, akatukanwa na dereva, akamtukana na yeye. Akasimama juu ya mstari. Dada Spika akaanza kuzungusha, taratibu. Alikuwa hajafika popote alipoona mkono umeinuka. Akatazama kitufe. Kilikuwa kimesimama juu ya ile alama ya zamani ya kalamu.

Basi ile safari yote kutoka pale mpaka mwisho haikuwa ya Jogoo. Ilikuwa ya masikio yake. Aliangalia ng'ambo, akamwona Jogoo naye ametoka mpaka mstarini kupima, kafumba macho, kainamisha kichwa upande mmoja kama anayetafuta kitu kilichomdondoka. Jogoo alirudi dukani kwake mbio akaongeza.

Haukupita muda Tajiri akawa mlangoni. "Mbona nasikia wale?"

"Sauti yetu inatosha, bosi. Tumeipima."

"Umeipima wewe?"

"Kaipima Fundi. Mimi masikio yangu yamekufa. Siwezi kupima tena."

Alitarajia atafokewa. Tajiri alimtazama tu, kama anavyotazama pasi iliyorudishwa na mteja. "Kwa hiyo husikii."

"Yameharibikia hapa, mlangoni kwako. Naomba niruhusu nivae vizibo, ninusuru kilichobaki. Na hizi spika zibaki hapa kwenye alama."

"Mimi nilikuajiri ukiwa na masikio," Tajiri alisema. "Ukayaharibu mwenyewe kwa kuongeza kila siku. Nilikwambia uongeze hadi uwe kiziwi?" Alisubiri jibu, na kwa sababu alikuwa amegeuza uso kuangalia ng'ambo, nusu ya maneno Dada Spika hakuyapata. "Vua aproni. Uje mwisho wa mwezi uchukue chako." Kisha akamwita dada wa kaunta: "Wewe masikio yako mazima?"

"Ndiyo, bosi."

"Toka nje, shika mtambo. Wale wasivuke mstari." Akajipinda mwenyewe juu ya meza ya chuma, akakizungusha kitufe kutoka kwenye alama mpaka kikagota. Halafu akaingia kwenye chumba chake cha kioo, akafunga mlango.

Dada wa kaunta alikuwa amempakata Bonge. Sauti ilipolipuka aliruka, akafumba macho, akamfunika mtoto masikio kwa viganja vyake. Bonge naye aliruka, akaanza kulia kwa nguvu zake zote. Dada Spika aliwatazama wote wawili wanavyoshtuka, na wivu ukamchoma kifuani, wivu mtupu usio na aibu. Yeye aliisikia ile ngoma kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ya jirani.

Alimpokea mtoto, akampeleka kwa mama yake, ambaye alikuwa ameshaanza kukunja vitambaa na kuvitia kwenye gunia ahamie kokote kule. Akarudi. Alivua aproni, lakini kabla hajaikunja alitia mkono mfukoni, akatoa vile vizibo viwili, akavipangusa kwa pindo la gauni lake. Akavitia kwenye kiganja cha dada wa kaunta, akamwonyesha kwa vidole: minya, ingiza, shikilia kidogo mpaka kitanuke.

Dada wa kaunta alitazama kwenye chumba cha kioo. Tajiri alikuwa anamwona. Akakiminya kizibo cha kwanza, akakiingiza. Akakiminya cha pili. Kisha akakishika kitufe, akakirudisha, polepole, mpaka kwenye alama ya kalamu.

Tajiri aligonga kioo. Akagonga tena, kwa ngumi, mdomo wazi, soda zikiyumba mezani. Wale dada wawili walikuwa wamesimama bega kwa bega mbele ya spika, wamempa mgongo, na hakuna aliyegeuka.