Maneno Nyuma ya Picha

Binti alikuwa na tabia moja mbaya kazini, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza barua pepe za matangazo, tabia hiyo ilikuwa ikisubiri tu siku ya kumuumbua.

Picha za barua hizo hazikai ndani ya barua. Zinakaa mtandaoni, na barua inabeba anwani zake tu. Ziko programu za kusomea barua zinazozifuata na kuzileta bila kuuliza. Nyingine zina wasiwasi: hazileti kitu mpaka mwenye barua atoe ruhusa, na pale pa picha zinaonyesha maneno aliyoyaandika mtengenezaji kueleza kilichopo. Maneno hayo hutakiwa yawe ya adabu, kama vile gauni la bluu, mikono mirefu. Yeye aliandika lolote lililomjia kichwani ili asichanganye picha, akijiapiza kwamba atayasafisha kabla ya kutuma.

Safari hii alisahau, na barua yenyewe ilikuwa ya shangazi yake, fundi cherehani. Kwaya ya watu arobaini ilikuwa inatafuta magauni. Ikimpa kazi, chumba cha ushonaji kingebaki wazi. Isipompa, mwisho wa mwezi shangazi angevifunika vyerehani vyake vitatu aende kwa dada yake, kama alivyosema mwenyewe, kutazamana na ukuta.

Binti aliijaribu barua kwenye simu yake, kisha kwenye kompyuta yake. Picha zote nne zilitokea, zinang'aa. Akaituma, akatembea kifua mbele siku nzima.

Kesho yake mwalimu wa kwaya akajibu: "Picha hazikufunguka. Tumesoma maneno tu. Tunakuja saa nne."

Binti alizima picha kwenye programu yake, akasoma walichosoma wanakwaya, kisha akakimbia kwa shangazi kuungama.

"Umeandika nini?" shangazi aliuliza, pini mdomoni.

"La kwanza, 'Zuri, ila kola inakaba. Shangazi mbishi, hataki kuipunguza.'"

Shangazi akatoa pini mdomoni.

"La pili, 'Ukiinua mikono halipandi. Amelijaribu mwenyewe mbele ya kioo, akiimba vibaya.' La tatu, 'Pazia. Mungu atusamehe.'"

"Na ya nne? Si ulinipiga picha nikiwa kazini?"

"Hiyo ya kawaida tu, Shangazi," alijibu, masikio yakimwaka moto.

Shangazi hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha. Alifagia vipande vya nguo, akapanga viti, akayatundika magauni yote matatu ukutani, la pazia likiwa katikati.

Saa nne kamili mwalimu wa kwaya akaingia na waimbaji wawili. Alikuwa mama wa mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi, na kicheko ndicho kilichotangulia mlangoni.

"Pazia ndilo hili?" alimuuliza binti. "Maskini, kumbe ulikuwa mkweli."

Waimbaji wakashikana mabega kwa kucheka. Shangazi alijikaza, akajikaza, kisha akashindwa, akacheka mpaka akaketi.

Mwalimu alilivaa lile la pili, akainua mikono yote miwili na kutoa sauti iliyotikisa kioo. Gauni halikupanda hata kidogo.

"Mafundi wengine wametutumia picha tamu tamu," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyetuambia kola inakaba. Fundi, chukua futi. Arobaini." Alipokuwa akipimwa mabega akaongeza, "Ila kilichotuleta hapa ni yale maneno ya picha ya nne."

Shangazi alimtazama binti, binti akatazama sakafu.

Wageni walipoondoka, shangazi alivuta kiti. "Nifungulie hiyo barua."

Binti akaifungua, picha zikajaa kiooni.

"Si hii. Ile isiyo na picha."

Hapakuwa tena na pa kukimbilia. Alizizima, na pale pa picha ya nne yakabaki maneno: "Huyu ndiye. Alifumua gauni langu la mahafali mara tano, mpaka nikajiona mzuri. Sijamwambia asante."

Shangazi alisoma polepole, midomo ikicheza. Alisoma tena. Kisha akasimama, akalitungua lile gauni la kwanza, akachukua mkasi.

"Hii kola," alisema, "ngoja niipunguze."