Mkono Uliobaki Chini

Nchi ilikuwa bado changa, na katiba yake ya kwanza ilikuwa na sharti moja lililoshikwa kama roho: hakuna ibara itakayobadilishwa mpaka majimbo yote saba yakubali. Uzuri wake, jimbo dogo halikumezwa na kubwa, na waliotaka kushikana mashati walikaa meza moja. Ubaya wake, mkono mmoja ukikataa, shughuli yote inalala. "Nyumba ina wenyewe saba," mjumbe mmoja mcheshi alizoea kusema, "na uani hakuna wa kufagia."

Mkunga, kama walivyomwita kwa kazi yake ya kuzalisha, alikuwa mjumbe wa jimbo dogo la milimani. Asubuhi hiyo alikaa kitini, mkoba magotini, akimtazama mdogo wake akisimama kusoma hoja. Walizaliwa tumbo moja. Huyu mdogo, Kitinda kwa jina la nyumbani, aliolewa jimbo la bondeni, na huko ndiko walikomchagua.

"Ndugu zangu," Kitinda alisema, "gari la wagonjwa linazuiwa mpakani mwa jimbo, eti lisubiri kibali. Mama anajifungulia kwenye kizuizi! Naomba tuandike: mgonjwa apite."

Ukumbi ukaguna kwa kukubali. Mkunga akaukumbatia mkoba wake. Kina mama hao walikuwa wakimfia yeye mikononi. Ni yeye aliyeisimulia habari hiyo akilia jikoni kwa Kitinda, wakimenya viazi. Na tangu utotoni ilikuwa hivyo hivyo: yeye ateke maji, Kitinda asifiwe kwa kuwanywesha wageni.

Mikono sita ikainuka. Wake ukabaki juu ya mkoba.

"Jimbo la milimani?" mwenyekiti akauliza.

"Tunakataa. Leo kizuizi kitafunguliwa kwa mgonjwa, kesho kwa askari. Sisi wadogo ngao yetu ni katiba hii."

Hata waliochukia waliinamisha vichwa, maana neno lilikuwa zito na la kweli. Lakini Mungu aonaye mioyo alijua si hilo lililomfunga mkono. Kitinda naye alijua. Akamfuata koridoni.

"Dada, umeikataa hoja au umenikataa mimi?"

"Usinichokonoe. Wewe umewahi kumshika mama anayemwaga damu? Habari hiyo uliitoa wapi?"

"Kwako, dada. Nilidhani utafurahi."

"Nifurahi! Mimi nilime, wewe uvune, halafu nikushikie na kikapu?"

Kitinda akamnyoshea karatasi ya hoja. "Basi ilete wewe. Na hilo la askari liongeze, wasipite bila kibali. Mimi nitakuunga mkono."

Mkunga akaitazama karatasi. Akamkumbuka yule mama wa wiki iliyopita, aliyelazwa juu ya shuka kando ya kizuizi, akimwuliza kama mtoto amelia. Hakuwa amelia.

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza shubiri.

Alasiri akaisoma hoja kwa jina lake. Mikono yote saba ikapanda. Wajumbe wakasimama, wengine wakamkumbatia. Aliyepiga makofi kuwashinda wote ni Kitinda, machozi yakimtiririka, usoni hana hata chembe ya kijicho.

Mkunga akainama kushukuru, akatabasamu. Ndani, moto ule ule ukawaka upya: kumbe huyu mtoto hata moyo wa namna hii amepewa yeye, mimi nikanyimwa.