Ndege Iliyogoma Kuacha Maji

Mume wangu alitoa tamko lake wakati wa chai ya asubuhi, kijiko kikiwa bado ndani ya kikombe.

"Jumapili tatu," alisema. "Ndege hii ya mbao isipoacha maji ndani ya Jumapili tatu, sanduku langu la vifaa namkabidhi Spana. Mimi na ufundi basi."

Nilimwambia anywe chai kabla haijapoa. Nimeishi naye miaka arobaini na mitatu, najua akishatoa neno hulishikilia hata likimuunguza.

Spana ni fundi bomba, mtu mzima mwenye kitambi na pikapu yake. Kazi alijifunza kwa mume wangu akiwa bado mwembamba, na mpaka leo haketi mbele yake mpaka aambiwe "kaa". Sanduku lenyewe ni la chuma, rangi yake ya kijani imebaki kwenye pembe tu. Mume wangu amelibeba mpaka bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto, na kila shati analonunua lazima nilipunguze mkono mmoja.

Mambo yaliharibika kwa daktari wa meno. Alikwenda kubadilisha bomba la sinki, akasahau kukaza nati moja. Moja tu, katika miaka yote hiyo. Maji yakapita kimyakimya chini ya mlango mpaka chumba cha matibabu. Wa kwanza kuyaona alikuwa mama mmoja aliyelala kwenye kiti, lakini kinywa chake kilikuwa wazi, kimejaa pamba na vyuma. Kila alipojaribu kusema, daktari alimwambia, "Vumilia kidogo mama, tunamaliza." Ndala za wagonjwa zilipoanza kupita zikielea ndipo daktari alipoelewa.

Daktari hakumgombeza. Alimletea mume wangu kiti, akampa na glasi ya maji anywe atulie, na nadhani hiyo glasi ndiyo iliyommaliza kabisa. Tangu siku ile hakugusa sanduku. Simu za kazi zikiingia alinipa mimi niseme hayupo, na huku ameketi mbele yangu anamenya chungwa.

Ndege aliileta mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa. Aliweka boksi mezani akasema, "Baba, nimekuletea kitu cha kufunga na kufungua." Hakuongeza neno. Hakusema ni kwa ajili ya kumwinua, wala hakuniangalia mimi kwa jicho la pembeni. Nilimpenda upya.

Ndani mlikuwa na mbao nyepesi kama biskuti, mota ndogo ya umeme, betri, rimoti yenye vijiti viwili, na karatasi kubwa ya michoro. Ilikuwa mfano wa ndege halisi iliyopunguzwa mara kumi, na mbawa zake peke yake zilikuwa mita moja na nusu. Meza ya kulia chakula ikachukuliwa, na kwa miezi miwili tulikula tumepakata sahani.

Ndege ilikuja na magurudumu. Lakini mtaani kwetu kiwanja ni kimoja tu, na hakikosi mpira kuanzia asubuhi. Tulichonacho ni bwawa la manispaa. Tena mume wangu, enzi za ujana wake, aliwahi kufunga mabomba kwenye hoteli moja kando ya ziwa, akaona ndege ikitua juu ya maji. Rubani alimruhusu akaze skrubu moja ya boya, kile kiatu cha kuelea kinachokaa mahali pa gurudumu. Skrubu hiyo amenisimulia mara nyingi kuliko siku ya harusi yetu. Kwa hiyo magurudumu yaling'olewa, na upande wa nyuma wa karatasi ukageuzwa, ambako kulichorwa maboya kwa atakayeyataka.

Maboya aliyatengeneza kwa plaiwudi nyembamba, na hapo fundi bomba akajitokeza. Aliyaziba kila mshono, akayazamisha kwenye beseni langu la kufulia usiku na mchana, akayatikisa sikioni. Hata chozi halikuingia. Chini ya kila boya, katikati, mchoro ulionyesha kidato, kama daraja moja la ngazi. Alikitazama kidato kile kwa dharau.

"Aliyechora hajawahi kushika bomba," alisema. "Maji hayataki kidato. Weka kidato, uchafu wote unakaa hapo." Akakijaza gundi na unga wa mbao, akapiga msasa mpaka maboya yakawa laini kama sabuni iliyotumika.

Mimi nilishona rubani. Nilitumia soksi, nikamjaza pamba, nikamvalisha kofia ya kitambaa cha bluu. Sikukusudia, lakini alipokamilika alikuwa Spana mtupu, mashavu na yote.

"Huyu ni mimi?" Spana aliuliza.

"Ni rubani," nilimjibu.

"Rubani ana kitambi, bibi?"

Jumapili ya kwanza tulifika bwawani saa tatu asubuhi. Mlinzi wa bwawa, mtu mwenye filimbi na viatu vilivyong'aa, alitusimamisha akatupeleka mbele ya kibao. Alikisoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari: hairuhusiwi kuogelea, kuvua samaki, kufua wala kuosha magari. Alirudia mara mbili, halafu akapiga jicho nyuma ya kibao kama kuna mengine.

"Ndege haijaandikwa," alisema kwa masikitiko. "Piteni."

Kisha akaingia kibandani kwake, akatoka na kiti chake cha pekee, akanipa. Yeye alisimama asubuhi nzima. Kando ya kibanda kulikuwa na bomba lenye koki inayovuja, tone baada ya tone, na chini yake birika. Mume wangu aliisikia kabla ya kuiona. Alipoiona, akageuza uso haraka, kama mtu aliyekutana na mke wa zamani sokoni.

Ndege iliwekwa majini. Mume wangu akasukuma kijiti, mota ikalia kama mashine ya kusaga, na ndege ikakimbia. Ilikimbia vizuri. Ilikwenda mpaka ng'ambo, ikakata kona, ikarudi, na bata wa bwawa wakajipanga nyuma yake kumi na mmoja kwa mstari. Kitu pekee ambacho haikufanya ni kupaa.

"Boti nzuri, mzee," mlinzi alisema kwa moyo safi.

Mume wangu aliitoa ndege majini. Tulipofika nyumbani akatoa mzani wa jikoni. Wiki ile kila kitu kilipimwa. Skrubu za chuma zikatoka, zikaingia za plastiki. Rubani alitolewa pamba mpaka akakunjamana.

"Mnaniua njaa," Spana alisema alipomwona.

Jumapili ya pili ndege ilikimbia zaidi, bata wakaachwa nyuma, na bado maboya yaling'ang'ania maji. Mume wangu alivuta kijiti cha kupandisha pua mpaka kidole kikawa cheupe. Pua ilinyanyuka kidogo, ikaacha. Alijaribu mara tisa. Mara ya kumi betri ikaisha, ndege ikasimama katikati ya bwawa.

Spana hajui kuogelea. Akaenda kwenye pikapu, akarudi amevaa mpira wa ndani wa tairi kiunoni.

"Kuogelea kumekatazwa," mlinzi alisema.

"Kaka, nitazame vizuri," Spana alijibu. "Huku unakuita kuogelea?"

Mlinzi alimtazama anavyopiga maji kwa mikono kama mtu anayefukuza nyuki, akairudisha filimbi mfukoni. Bata walimsindikiza kwenda na kurudi.

Spana alipotoka, maji yakimchuruzika, mume wangu alimwambia, "Jumapili ijayo acha nafasi kwenye pikapu. Ya sanduku."

"Mzee, lile sanduku lina kutu."

"Halina."

"Basi bawaba zake zinalia, mimi sipendi kelele."

"Spana."

"Naam, mzee." Akaanza kukamua shati lake ambalo lilikuwa limeshakamuliwa.

Wiki ile mume wangu alilisafisha sanduku. Alipaka kila kifaa mafuta, akavipanga kama mtu anayempeleka mwanawe shule ya bweni. Nilimkuta ameishika spana yake kubwa ya bomba, haifanyii kitu, ameishika tu. Nilirudi jikoni kimya. Niliogopa. Mtu aliyebeba kitu bega moja miaka yote hiyo, ukimwondolea ghafla, ataegemea wapi?

Alhamisi nilikuwa naosha vyombo. Meza ya jikoni ina kioo juu, nayo ilikuwa imelowa. Nikaweka trei ya plastiki, ile bapa, halafu nikataka kuinyanyua. Haikunyanyuka. Iliteleza huku na kule vizuri kabisa, lakini kupanda juu ilikataa. Nikaisukuma: inateleza. Nikaivuta juu: imeng'ang'ania. Nikasimama na mikono yangu yenye povu, nikiwaza ni wapi nimeshaona jambo hili. Halafu nikakumbuka yale maboya, laini kama sabuni iliyotumika.

Ningeweza kukimbia kumwambia. Lakini mume wangu alikuwa ameshakosolewa na sinki, na daktari mwema, na bata kumi na mmoja. Sikutaka kuongezeka mimi. Kwa hiyo nililowesha meza tena, nikaikandamiza trei, nikaita.

"Baba watoto, njoo unisaidie, trei imenishinda."

Alikuja akiburuza ndala. "Trei imekushinda?"

"Nguvu zimekwisha, mwenzio nimezeeka."

Akaivuta. Ikakataa. Akacheka kidogo, cheko la kwanza nililolisikia wiki ile. "Huvuti tu," alisema kwa sauti ya kufundisha. "Maji yameishika. Lazima upitishe hewa chini yake, hivi." Akaingiza ukucha ukingoni, trei ikaachia, pwa!

Akabaki ameishika hewani.

Aliitazama trei. Akaitazama meza. Mimi nikaendelea kusuuza kikombe ambacho kilikuwa safi. Akaiweka trei polepole, akaenda chumba cha kulia, nikasikia karatasi ya mchoro ikikunjuliwa.

"Mama watoto," aliita baada ya kitambo. "Hiki kidato nani alikichora?"

"Si aliyechora ndege?"

Nikasikia msumeno mdogo.

Ijumaa na Jumamosi alifanya kazi bila kuniita. Alikata chini ya maboya, akarudisha kidato milimita kwa milimita, akaziba upya, akajaribu tena kwenye beseni langu. Jioni alipokuwa anapanda kitandani alisema, akiwa amenipa mgongo, "Ile trei haijawahi kukushinda." Nikamwambia alale.

Jumapili ya tatu Spana alikuja na shati la kanisani, uso wa msibani. Mume wangu alilibeba sanduku mwenyewe, akaliweka kwenye pikapu kabla ya ndege. Nilitamani asubiri kwanza, lakini ahadi ni ahadi kwake.

Bwawani, safari hii, kulikuwa na viti viwili. Mlinzi alikuwa ameazima kimoja kwenye mtambo wa maji wa jirani. Bata walikuwa wamekwishajipanga.

Mume wangu akasukuma kijiti. Ndege ikakimbia, bata nyuma. Ikafika ilipokuwa ikifika siku zote, na nikaona maboya yakiinuka, yakigusa maji kwa ncha tu, kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyopigwa deki. Mlio wa maji ukakatika. Ulibaki mlio wa mota peke yake, na ndege ilikuwa juu ya bata, juu ya kibao, juu ya kibanda, na rubani wangu mkondefu amekaa dirishani.

"Inaruka!" Spana alipiga kelele, akamkumbatia mlinzi. Filimbi iliyokuwa mdomoni mwa mlinzi ikajipuliza katikati yao.

Mume wangu alikuwa mkavu kama fimbo. "Inaruka," alisema. "Sasa inashukaje?"

"Mzee! Hukusoma?"

"Ukurasa wa kushuka sikuufikia. Sikudhani tungeuhitaji!"

"Punguza moto taratibu," nilimwambia, "kama wali." Sijui chochote kuhusu ndege, lakini wali naujua.

Akapunguza. Ndege ikainamisha pua, ikayumba, ikagonga maji, ikaruka, ikagonga, ikaruka, mara ya tatu ikatulia katikati ya bata. Mmoja aliidonoa bawa. Haikuzama. Ilielea sawasawa, kavu ndani, mpaka upepo mdogo ukaisukuma kwetu.

Mume wangu akazima mota. Ndipo tuliposikia tone likianguka kwenye birika. Halafu lingine.

"Koki hii inavuja tangu lini?" mume wangu aliuliza.

"Tangu nilipoajiriwa," mlinzi alisema.

Mume wangu alivua koti, akanipa. "Spana, lete sanduku."

"Lako au langu?" Spana aliuliza, tayari anakimbia.

"Usinichezee. Lete."

Alifanya kazi amepiga magoti, polepole. Alibadilisha kimpira, akafunga ile tepu nyeupe ya kuzuia maji, akakaza. Akakaza tena. Kisha akatoa kitambaa cha karatasi mfukoni, akakipitisha chini ya kiungo, akatuonyesha mmoja mmoja. Kikavu. Akasubiri, akakipitisha mara ya pili, nasi tukasubiri naye, hakuna aliyemharakisha.

Mlinzi aliinama, akatazama ndani ya birika lake, akakuna kichwa.

"Sawa mzee, asante," alisema. "Lakini hili birika lilikuwa linajaa lenyewe kabla ya saa nne. Chai sasa nitapikaje?"

Spana akanyoosha mkono, akafungua koki kwa vidole viwili, maji yakamwagika mpaka ukingoni, akaifunga. Mume wangu akapitisha kitambaa chake tena.

Mlinzi alipika chai. Vikombe vilikuwa viwili tu, tukapokezana, na Spana akanywa amesimama mpaka mume wangu alipomwambia, "Kaa."

Akakaa juu ya sanduku.

"Si hapo," mume wangu alisema.