Namba za Mzee Zefania

Zefania alikuwa mtu wa rejesta. Miaka ishirini na minne aliyofanya kazi katika stesheni za Itigi na Manyoni, hakuna treni iliyoondoka bila kibali alichokiandika kwa mkono wake, wala behewa lililopita bila namba yake kuingia kitabuni. Alipopunguzwa kazi, enzi zile kila kitu cha serikali kilikuwa kinatafutiwa mnunuzi, alikwenda Dodoma akasoma kompyuta wiki tatu, akarudi na cheti kimoja na kiburi cha kuwatosha watu wawili.

Aneth, binti aliyefungua kituo cha intaneti pale Manyoni mjini, akampa wiki moja ya majaribio. Akifaulu, kazi ni yake. Akishindwa, arudi shambani, na mtama haujawahi kumtii hata msimu mmoja. Kwa umri wake wa miaka hamsini na mbili, hakukuwa na mwingine wa kumwita kazini.

Jumatatu alianza kwa kukagua anwani za kompyuta, yaani zile namba zinazozitambulisha kwenye mtandao. Akakuta kwenye kioo pameandikwa kwamba kila kompyuta itajipatia namba yenyewe. Zefania akacheka kwa dharau. Behewa gani liliwahi kujitafutia namba? Akafungua daftari, akapiga mistari kwa rula, akazigawia namba kompyuta nne za mbele. Mbili za nyuma akaziacha kwanza, maana saa ya kula ilikuwa imefika, na yeye na ugali hawakuwahi kukosana.

Wiki nzima ikawa aibu tupu. Kompyuta za nyuma zikiwashwa, za mbele zinakatika. Mwalimu Naftali alipoteza barua pepe yake mara tatu, akaondoka bila kuaga. Zefania alipuliza vumbi, akabana nyaya, akatikisa kichwa kitaalamu. Kutikisa kichwa ndiko alikokuwa anakujua vizuri.

Ijumaa asubuhi, kabla Aneth hajafika, aliamua kuzipa namba zile mbili za nyuma nazo. Akakuta zinazo! Nani kazipa? Akaudhika hasa. Akachukua kijitabu kilichokuja na kisanduku cha mtandao, kinachoziunganisha kompyuta na intaneti, kijitabu ambacho tangu Jumatatu alikuwa anawekea kikombe cha chai, akakisoma kwa mara ya kwanza. Kumbe kompyuta ikiwaka huita mtandao mzima: nani wa kunipa anwani? Kisanduku huitikia, kikaiazimisha namba kwa muda na kuionyesha njia ya kutokea. Hakikuwa na habari yoyote ya daftari lake. Kilikuwa kinagawa namba zilezile alizokwisha kuzigawa yeye.

Zefania akakaa chini. Treni mbili kwenye reli moja! Kosa ambalo hakulifanya kwa miaka ishirini na minne alikuwa amelifanya ndani ya siku tano, tena kwa rula.

Akazifuta namba zake zote, akawasha upya. Kompyuta zote sita zikaingia mtandaoni. Hapo ndipo roho ilipomuuma, kwa sababu hazikumhitaji. Kisanduku kisichozidi nusu mche wa sabuni kilikuwa kinafanya kazi yake, bila chai wala likizo.

Aneth akaingia. "Shikamoo baba. Naona leo zote zinafanya kazi. Tatizo lilikuwa nini?"

"Marahaba mwanangu."

Neno umeme lilikuwa limeshamfika kwenye ulimi. Umeme umezoea kulaumiwa, lawama moja zaidi isingeudhuru. Akalimeza, nalo likashuka kwa shida.

"Tatizo lilikuwa mimi," alisema. "Nilizipa namba, kumbe zina wa kuzipa. Nimekufukuzia wateja wiki nzima. Na nikwambie ukweli wote, kwa kazi ya namba hunihitaji."

Aneth akaweka mkoba mezani. "Fundi wa Dodoma aliyenifungia mtandao aliniambia jana jioni kwenye simu kwamba namba zinagongana. Nikasema ngoja nione baba atanieleza nini. Ungenitajia umeme, tungeagana leo leo. Jumatatu uje saa mbili."

"Umeme?" alisema Zefania. "Mimi? Hata haukunijia akilini."

Ukweli wake wa siku hiyo ulikuwa umeshaisha.