Mkwe Wangu Analamba Mawe

Mimi si mtu wa kuchungulia watu. Siku ile nilikuwa napita tu nje ya dirisha la chumba cha kusomea, na kama pazia lilikuwa wazi, hilo ni kosa la pazia. Nikamwona mkwe wangu amekaa mezani, mawe yamepangwa mbele yake juu ya gazeti. Akachukua moja, akaligeuzageuza kwenye mwanga, akalilamba.

Nikadhani macho yangu yananidanganya, nikasogea karibu. Akachukua bonge la udongo mkavu, akalimega pembeni, akatia kipande katikati ya meno ya mbele, akakitafuna polepole huku amefumba macho. Nilishika ukuta nisije nikaanguka kwa furaha.

Mimi nimekuwa mkunga maisha yangu yote ya kazi, mpaka waliponistaafisha kwa nguvu. Nimewaona wanawake wakitamani chaki, mkaa, majivu, na mmoja alikuwa anakula sabuni ya kufulia na kushushia na maji. Mwanamke anayelamba jiwe hahitaji kipimo. Mwanangu na mkewe walikuwa wameoana kitambo, na kila mwezi nilikuwa namuuliza mkwe kwa upole, "Vipi mwanangu, kuna habari?" Kila mwezi ananijibu, "Bado, mama," kisha anaondoka kwenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Basi nikanyamaza. Mimba changa haitangazwi, na kama mwenyewe ameamua kuficha, mimi ni nani nimpasulie siri? Nilimwambia dada yangu tu kwa simu, na dada yangu namhesabu kama mimi mwenyewe. Kwamba kesho yake jirani alinipigia vigelegele kutoka upande wa pili wa ukuta, hilo mkamuulize dada.

Sasa niwaeleze kazi ya mkwe wangu, maana hapo ndipo balaa lilipoanzia. Amesomea jiolojia, yaani mambo ya mawe na dunia ilivyoumbika toka ndani hadi juu. Kwa miaka alikuwa anafundisha kwa muda, mara hapa, mara pale, akirudi nyumbani na viatu vilivyoisha soli. Hatimaye chuo kikamwita afundishe somo moja la majaribio mbele ya mkuu wa idara. Likienda vizuri, anaajiriwa. Likiharibika, anarudi kwenye kuhangaika. Siku zile akawa hali, halali, na asubuhi ya siku yenyewe nikamsikia anatapika bafuni.

"Ni woga tu, mama," akaniambia akifuta mdomo.

"Ndiyo mwanangu, ni woga," nikamjibu, huku moyoni nacheka.

Mlangoni palikuwa na mfuko wake wa mawe. Nikajaribu kuunyanyua, kiuno kikanipigia kelele. Mjamzito abebe mzigo ule? Nimewakanya wanawake wa watu juu ya mambo hayo, niache wangu aangamie mbele ya macho yangu? Yeye alikuwa bado anaoga. Nikafungua mfuko, nikayatoa mawe yote, nikayasukuma uvunguni mwa kitanda changu. Lakini mfuko mtupu angeushtukia. Nikatoka mbio hadi kwa jirani anayejenga, nikaokota kipande cha tofali la kuchoma na kibonge cha zege lililokauka. Nikaongeza jiwe langu la kusugulia visigino, lile jepesi lenye vitundutundu. Mwisho nikatia udongo wa kula niliokuwa nimemnunulia sokoni, ili hamu ikimshika asihangaike. Jiwe ni jiwe, nikajiambia. Watoto wa watu watajulia wapi?

Nikaubeba mwenyewe mpaka chuoni. Alipojaribu kunipokea nilimtolea macho akaacha. Waliponiambia nisubiri nje, nikajifanya sisikii vizuri, nikakaa benchi la nyuma.

Darasa lilijaa wanafunzi wapya. Mkuu wa idara, bwana mwenye miwani mizito na uso wa mtu aliyeamshwa usingizini, alikaa pembeni amekunja mikono. Mkwe wangu akachora duara kubwa ubaoni. Juu kabisa, akasema, kuna gamba jembamba, ndilo hili tunalokanyaga. Chini yake kuna tabaka nene la mwamba wa moto mkali, mgumu lakini unaojongea polepole mno. Katikati kuna kiini cha chuma. Nje yake kimeyeyuka, ndani kabisa kimebanwa hadi kikawa kigumu. Nilisikiliza nikaona raha. Sikujua kwamba nimejenga nyumba juu ya vitu vya namna hiyo.

"Sasa tuone mawe yenyewe," akasema. "Naanza na jiwe gumu la itale."

Akatia mkono mfukoni, akatoa tofali.

Akalitazama lile tofali, akatia mkono tena, akatoa zege. Akatia tena, akatoa jiwe langu la visigino, na kwa bahati mbaya lilikuwa bado na povu la sabuni. Hapo akainua uso, akanitafuta, akanipata. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ingawa kwa yale niliyokuwa nimetoka kuyasikia, huko chini nako hakukaliki.

Mkuu wa idara akakunjua mikono. "Mwalimu, hilo ni tofali?"

Mkwe wangu alivuta pumzi. Mimi ninayemfahamu nilijua kilio kiko karibu. Kisha akaliinua tofali juu.

"Ni tofali," akasema. "Lilikuwa tope. Likapikwa, halikuyeyuka, lakini hata ulitie mvuani mwaka mzima halirudi kuwa tope. Mwamba ukizikwa chini sana, joto na mgandamizo huufanyia jambo linalofanana na hili. Unabadilika ukiwa mgumu vilevile. Huo tunauita mwamba geu." Akashika zege. "Hili ni kokoto na mchanga vilivyogandishwa na saruji. Mtoni hakuna saruji, lakini maji hupitisha madini katikati ya mchanga na kokoto, vikashikana hivihivi. Hiyo ni miamba ya mashapo."

Akachukua jiwe langu, akalitumbukiza kwenye jagi la maji la mkuu wa idara. Likaelea. Darasa zima likasimama kutazama, na mkuu wa idara akavua miwani.

"Hili lilitoka kwenye volkano likiwa povu," akasema mkwe wangu. "Moto ukapoa, gesi ikaacha vitundu. Kuna mtu anasugulia visigino kitu kilichotapikwa na dunia."

Walicheka, nami nikacheka kwa sauti kubwa kuliko wote nisijulikane. Kisha akatoa udongo wa kula, akamega, akaweka katikati ya meno. Mbele ya watu! Jasho linamtoka, amesimama muda wote ule na tumbo tupu. Hapo uvumilivu ulinishinda.

"Mpeni kiti!" nikapiga kelele nikiwa nimesimama. "Hamwoni anavyokula udongo? Huyu ana mimba!"

Darasa zima likanigeukia.

"Mama," akasema mkwe wangu taratibu. "Sina mimba. Nautafuna ili nijue kama una chembe za mchanga. Ukikwaruza meno, una mchanga laini. Ukiteleza, ni mfinyanzi mtupu. Nikilamba jiwe, linalowa, rangi na chembe zake zinaonekana. Ni kazi, mama. Sote tunaosoma mawe tunafanya hivyo."

"Hata mimi," akasema mkuu wa idara, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Mke wangu ameshazoea."

Nilikaa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Yeye akaendelea kufundisha jinsi gamba la dunia lilivyogawanyika katika mabamba makubwa, na jinsi mabamba hayo yanavyosogea kwa mwendo wa kucha zinazoota. Ukiyakodolea macho, akasema, huoni kitu. Ukiyahimiza, unajichosha mwenyewe. Sijui kama alinitazama aliposema hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeinamia viatu vyangu.

Wakati wa kurudi aliubeba mfuko mwenyewe. Nilikuwa nangoja anifokee, na ningelipokea. Tulipofika mahali pasipo na watu akasimama.

"Mama, tunajaribu. Hospitali wametuzoea mpaka mlinzi anatusalimia. Kila ukiniuliza kama kuna habari, naenda kufua ili nilie maji yakiwa yanamwagika."

Nimezalisha wanawake wasiohesabika. Nimesoma nyuso zao gizani, nikajua nani anaumwa kabla hajasema. Na huyu analia ndani ya nyumba yangu, upande wa pili wa ukuta, nisijue. Iliniuma hadi kwenye mifupa.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema. "Sitauliza tena." Kisha nikauchukua mpini mmoja wa mfuko, yeye akashika wa pili, tukaenda.

Kazi alipata. Mkuu wa idara alisema hajaona mtu akifundisha miamba kwa uchafu wa mjenzi, na akaomba lile jiwe la visigino libaki chuoni. Sasa liko kwenye kabati la kioo, lina kibandiko chake, na mimi visigino vimenipasuka vibaya.

Jana dada yangu akapiga simu. Nilikuwa sebuleni namsaidia mkwe kuosha mawe, yeye akiwa mezani karibu yangu anaandika.

"Enhe," dada akaanza, "mkweo ana habari gani?"

"Anazo," nikamjibu. "Binti yangu ni mwalimu wa chuo."

"Hiyo nimeshaisikia. Nauliza ile nyingine."

Dada ana sauti ya kujaza sebule, nikaona mkono wa binti yangu umesimama juu ya daftari.

"Dada," nikasema, "kata simu, kaa chini, ukodolee macho kucha zako. Ukiziona zinaota, nipigie."

Akakata kwa hasira. Mkono ulianza kuandika tena. Nikachukua jiwe lililokuwa mbele yangu, nikalilamba, nikamwambia hili nadhani lina chumvi.