Folda Mbili, Binti Mmoja

Kompyuta iligoma watu wakiwa kwenye foleni. Mwalimu alikuwa na mitihani ya kutoa nakala, mzee mmoja alitaka picha za pasipoti, na kwenye kioo yakaja maandishi kwamba nafasi imekwisha, hakuna kitakachohifadhiwa tena. Mama Kopi, kama mtaa mzima unavyomwita mwenye duka hilo, akaizima, akaiwasha, akaipiga kikofi ubavuni kama kawaida yake, lakini wapi. Mzee aliambiwa arudi kesho. Akaondoka akinung'unika kwamba kesho sura yake itakuwa imezeeka zaidi, na lawama ni za duka.

Jioni binti wa Mama Kopi akapiga simu kutoka ng'ambo, alikokwenda kufanya kazi za ndani. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama alivyozoea siku hizi.

"Mama, humo kwenye kompyuta kuna folda mbili zenye jina langu. Moja haina kazi, inakula nafasi bure. Mwite fundi aifute."

"Sasa ipi?"

"Fundi atajua. Mimi mzima, Mama. Usiwe na wasiwasi."

Simu ikakatika. Mama Kopi akaiweka mezani, akamtazama binti yake aliyekuwa ameketi kwenye kistuli kando ya mashine, akikata picha za pasipoti kwa mkasi.

Huyu tumwite binti wa jioni, tusije tukachanganyikiwa. Alianza kuja mwaka ule kompyuta ilipoingiwa na virusi. Fundi wa wakati huo, mtu wa haraka zake, aliisafisha akaiunganisha upya na hifadhi ya mtandaoni, ile ambayo binti aliifungua kabla ya safari ili awe anatumiana vitu na nyumbani. Badala ya kuirudia folda ya zamani, kompyuta ikatengeneza nyingine pembeni. Ya zamani ikabaki palepale, imejaa vitu, haizungumzi na mtu. Siku hiyohiyo, taa za dukani zilipowashwa, binti akaingia na sweta lake la njano na mkoba wa safari, ilhali alikuwa ameshaondoka. Mama yake akampigia yule wa ng'ambo kuhakikisha. Akapokea. Basi Mama Kopi akakata simu, akaongeza kikombe cha chai.

Tangu hapo huja kila jioni na kuondoka duka linapofungwa. Kwake yeye safari bado ni kesho. "Nikifika nitakupigia, Mama," husema, naye mama hujibu, "Sawa, mwanangu," wala hamwambii kwamba alishafika zamani. Ana pasipoti mpya mkobani. Huitoa, akainusa, akairudisha. Watu wamemzoea. Fundi cherehani wa jirani, mwenye mdomo wake, alisema wenzetu wakipeleka mtoto ng'ambo wanabaki mikono mitupu, Mama Kopi kapeleka na kabaki naye, huo si uroho? Wakacheka, kazi zikaendelea.

Lakini hamu haikuisha, na hilo majirani hawakulielewa. Binti wa jioni hakuipunguza hamu ya binti wa ng'ambo, aliichochea. Mama akimwona anavyokunja mikono ya sweta, moyo ulimuuma kwa ajili ya yule mwingine, kwamba huko aliko anakunja mikono ya nguo gani, anacheka na nani. Alimtamani binti yake akiwa amekaa naye meza moja.

Fundi alikuja kesho yake alasiri. Huyu alikuwa mtu mtulivu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa huyo hapo."

Fundi akaketi, akatazama, hakugusa kitu. "Hapa hatufuti kwa pupa," alisema. "Kwanza tujue ipi hai. Hii yenye kialama cha wingu ndiyo inayozungumza na mtandao. Ukifuta kitu humu, na kwa binti yako kinafutika. Akifuta yeye, na kwako kinaondoka. Ile nyingine ilikatwa. Ukiifuta, huko hawatajua."

"Basi iliyokatwa ndiyo nakala."

"Huenda. Ndiyo maana tunalinganisha kwanza."

Mama Kopi alilielewa hilo upesi. Maisha yake yote dukani watu huchukua nakala, hao, wanaondoka, na cheti chenyewe wamekiacha chini ya kifuniko cha mashine. Mara ngapi amewakimbilia barabarani. Akavuta kiti karibu.

Fundi akazifungua folda zote mbili, moja kushoto, moja kulia. Iliyokatwa ilikuwa na nyumbani kwote: binti amevaa joho la kuhitimu, mama ameinamia mashine, marehemu baba akicheka na kofia imemkaa upande.

"Hii ndiyo ninayoifungua siku zote," alisema Mama Kopi. "Picha mpya haziji. Nikajua ana kazi nyingi."

"Mpya zinakuja, Mama. Zinaingia huku."

Akabofya folda iliyo hai. Ikaja picha ya sakafu ya jiko, inang'aa. Ikafuata sinki. Ikafuata bafu, kitanda kilichotandikwa bila kunjo hata moja, ngazi, dirisha, sakafu tena. Kila chumba kimepigwa picha kutoka mlangoni, na hakuna mtu ndani. Fundi aliteremka chini, akateremka, mpaka kidole kikachoka. Jiko lilelile, siku baada ya siku. Za nyumbani haikuwemo hata picha moja. Baba hayumo, mama hayumo, joho halimo.

"Zilikuwemo," alisema fundi polepole. "Zimefutwa upande wake."

Mama Kopi akapiga simu. Binti akapokea akiwa chooni, bomba la maji limefunguliwa.

"Nilisema folda ifutwe, sikusema zifunguliwe," alisema alipoulizwa. Kisha akaeleza, bila kulia. Kila chumba akikimaliza lazima ampelekee bosi picha, ndipo aruhusiwe kwenda kingine. Bosi huikagua simu yake. Picha za kwao zinamtoa mtu akili kazini, ndivyo bosi anavyosema, kwa hiyo zilifutwa. Pasipoti iko kwenye droo ya bosi, na ufunguo anao bosi.

"Uliniambia wewe mzima."

"Mzima, Mama. Siumwi."

"Baba yako unamkumbuka anavyocheka?"

Maji yakasikika yakimwagika. "Nakumbuka kofia," alisema binti.

Walipomaliza kuzungumza jua lilikuwa limekwisha kuzama. Taa zikawashwa, binti wa jioni akaingia. Fundi akaondoa begi lake kwenye kistuli ili akae, wakasalimiana, akaendelea kueleza kazi.

"Njia ziko mbili. Naweza kuviweka hivi vya zamani kwenye diski ya pembeni, ukaifungia droo. Au tuvihamishie kwenye folda iliyo hai, vimfikie yeye huko, vikae mtandaoni bila kula nafasi hapa. Halafu hii tunaibadilisha jina, tunasubiri, tukiona hakuna kilichopungua ndipo tunafuta."

"Na huyu?" Mama Kopi akaonyesha kwa kidevu.

"Huyu yumo kwenye iliyokatwa. Atakwenda vinakokwenda vitu."

"Kwenye droo siweki mtoto wangu."

Binti wa jioni alikuwa ameacha kukata. "Nipelekeni huko aliko," alisema. "Si ndiko nilikokuwa naenda?"

Mama yake alitaka kusema kompyuta ife na duka lifungwe, mtoto huyu akae hapa, lakini alifikiria yule aliyekuwa akinong'ona chooni peke yake, asiyekumbuka kicheko cha baba yake. Roho ilikataa, mdomo ukakubali. Akamfunga vifungo vya sweta mpaka juu, akamwambia azime simu mbele ya bosi, ale vizuri, amsimulie mwenzake kila kitu, asibakize. Akamkumbatia. Alikuwa na joto kama mtoto yeyote.

Fundi akaanza kuhamisha. Mtandao ulikuwa wa mwendo wa kinyonga, na binti akaondoka vivyo hivyo, kidogo kidogo: mkoba kwanza, kisha viatu, kisha sweta. Alichelewa kumalizika usoni kwa sababu picha za uso zilikuwa nyingi. Mkasi ukabaki juu ya kistuli. Fundi akahakikisha hesabu za pande zote mbili zinalingana, akaibadilisha folda jina, akaja tena baada ya siku chache kuifuta. Kompyuta ikawa nyepesi, na yule mzee akapata picha zake, akazikataa, akasema zimemzeesha.

Simu ya binti ilikuja wiki iliyofuata.

"Amefika, Mama."

"Bosi amesemaje?"

"Hakusema kitu. Alituhesabu, akaongeza vyumba. Sasa tunafanya na nyumba ya dada yake."

"Na pasipoti?"

"Ya huyu ilikuwa bado mpya, akaisifia. Ameiweka pamoja na yangu."

"Mnalala wapi?"

"Kitanda kimoja. Tukilala ananisimulia nyumbani. Jana alinionyesha baba anavyocheka, nikaziba mdomo kwa mto tusisikike."

Mama Kopi alicheka, na machozi yakamtoka hapohapo. "Anaendeleaje?"

"Yeye analia sana, Mama. Mimi nilishazoea."

"Nipe nizungumze naye."

Simu ikahama mkono. Sauti ilikuwa ileile, ila changa kidogo. "Mama," ilisema, "tunarudi lini?"

Kabla Mama Kopi hajajibu, kule ndani bosi akaita jina moja, wakaitika wote wawili.