Nyasi Kwenye Gari la Wagonjwa

Meja Mwijage alikuja kunipa pole siku ya tisa baada ya kumzika mke wangu, amevaa viatu vilivyong'arishwa na askari mwingine. Gari lake nililitambua likiwa bado linakata kona kwenye migomba: jeupe, msalaba mwekundu ubavuni. Kambi yetu hapa Muleba ina gari la wagonjwa moja tu. Ndilo hilo nililolisubiri kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita, Magdalena amelala kwenye mkeka, kila mara ananiuliza kama limefika.

Halikufika. Siku ile lilikuwa Izimbya, limepakia nyasi za kutandaza kwenye shamba la Meja. Askari sita walioapa kulinda nchi walikuwa huko wakilinda migomba ya mkubwa isikauke.

Kwenye daftari la gari wakaandika, "Kupeleka mgonjwa Bukoba." Aliyegundua uongo huo ni binti yangu, Koplo Kokugonza, anayesimamia magari pale kambini. Aliandika taarifa akaipeleka juu, na Jumatatu bodi ya uchunguzi inakaa. Ndipo Meja akakumbuka kwamba nina msiba.

"Pole sana, waitu Kyaruzi," akasema kwa heshima ya Kihaya, akijitupa kwenye kiti.

"Hicho ni cha marehemu."

Akahamia kwenye benchi. Tumbo lilichelewa kidogo kufika.

Kwetu mgeni akikaa anapewa kahawa ya kutafuna kabla ya neno lolote. Kikapu kilikuwa miguuni pangu. Nikakisukuma nyuma kwa kisigino, naye akakiona kinavyokwenda.

Akatoa karatasi iliyopigwa chapa. "Sahihi tu, mzee. Inasema mama alifariki kabla hujapiga simu. Na kweli, hata gari lingekuja, lingemkuta ameshakwenda."

"Kumbe wewe ni daktari?"

"Mimi ni kamanda."

"Wa migomba. Nimesikia."

Akacheka peke yake, kisha akainamia kwangu. "Mfikirie binti. Koplo anayemshtaki mkubwa wake hana maisha jeshini. Ukisaini, mwaka huu ni sajini. Usiposaini..."

"Malizia."

Akanisogezea karatasi. Wakubwa wa namna hii hata vitisho wanataka umalizie wewe.

Kokugonza alikuwa amesimama mlangoni, kitenge cha msiba kiunoni. Miaka kumi na mmoja ameitumikia kazi ile. Nikamtazama.

"Tata, usinihesabu mimi," akasema. "Andika unachokijua."

Meja akaona mambo yanapoa, akapaza sauti nje. "Muhidini! Leta vitu vya mzee!"

Muhidini ni dereva wake, mtu mwenye mvi, hajawahi kupanda cheo kwa sababu hajui kuchekea vichekesho vya wakubwa. Alileta kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Akarudi tena garini, akaja na bunda la nyasi mbichi. Kisha la pili. Kisha la tatu.

"Za kutandika ndani, waliokuja msibani walale vizuri," Meja akasema, amejaa fahari. "Mila zetu nazijua, mzee."

Niliinuka nikaenda kuchungulia lile gari. Njiani nyasi zililazwa kwenye machela, na mikanda ya kumfungia mgonjwa ilikuwa bado imeshika majani. Magdalena angelala hapo. Mtu anaongoza askari mia mbili, na katika wote hao hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba nyasi haziletwi kwa gari hilo, tena kwenye nyumba hii. Amewazoeza kusema "ndiyo afande" mpaka amebaki mjinga peke yake.

"Muhidini," nikauliza, "safari ya leo mmeiandikaje?"

Akamtazama Meja. Akanitazama mimi. "Kumfuata mgonjwa, mzee. Nimeamriwa niandike hivyo."

"Muhidini!"

"Nimeulizwa na mfiwa, afande."

Nikaomba kalamu. Uso wa Meja ukachangamka, akanipa yake, ya dhahabu ya uongo. Nikaigeuza karatasi nikaandika mgongoni. Shule niliiacha darasa la nne, herufi zangu kila moja inaelekea kwake, lakini zinasomeka:

"Niliita gari saa mbili. Mke wangu amekufa saa sita. Leo gari limekuja, limebeba nyasi bunda tatu, lubisi, na Meja. Mgonjwa hayumo. Kyaruzi."

Muhidini aliisoma akichungulia begani kwangu. Akaniomba kalamu ile ile, akatia jina lake chini ya langu, na namba yake ya jeshi. Kokugonza akaikunja karatasi, akaisokomeza kifuani.

"Koplo, lete hiyo hapa!"

"Jumatatu, afande. Mbele ya bodi."

Nikamrudishia kalamu yake. Alipoona nyasi zimelala uani kwangu, kila mpita njia atazitazama, akamwamuru Muhidini azipakie. Muhidini akasema safari ya kubeba nyasi haimo kwenye daftari.

Basi Meja akazibeba mwenyewe, bunda moja moja, sare yote imejaa majani. La tatu lilimfungukia mlangoni pa gari. Nikavuta kikapu changu, nikampa Muhidini kahawa atafune wakati tunasubiri amalize kuokota.